Moki Imekula Somo la Bajeti

Kama ulifanya Historia na Serikali kwa KCSE, jibu hili swali bila kufungua daftari: ile mada ya mapato na matumizi ya fedha za umma mlifundishwa lini, na kwa vipindi vingapi?

Nimewauliza mabeshte zangu karibu wote. Mmoja alisema walipewa kopi tu. Mwingine akasema walisomewa noti Jumamosi moja, mwalimu akiwa na haraka ya kwenda matanga. Wa tatu ndiye alinimaliza: "Kwani hiyo mada ilikuwako?" Na huyo, wasee, alipata A ya Historia. A safi, si A ya kusukumwa. Alikariri pointi sita kutoka kwa mwongozo wa kusahihisha, akazimwaga kwa karatasi, akaenda zake.

Hii si mada ya zana za mawe. Ndiyo inayokuambia serikali inatoa wapi pesa, inazipeleka wapi, nani anaruhusiwa kuzigusa na nani anafaa kupiga kelele zikipotea. Ndiyo mada ambayo kizazi chetu kilijifundisha chenyewe kwa simu mwaka 2024, macho yakiwasha kwa vitoa machozi. Na ilikuwa kwa silabasi muda huo wote! Mwalimu wa Historia anayo kwa maazimio yake ya kazi kila mwaka. Ila inafundishwa vile unampa mtoto dawa chungu: ziba pua, meza, tuendelee.

Najua nani wa kulaumiwa, na si mwalimu mvivu. Ni moki. Kwenye karatasi ya Kiswahili wanaiita mtihani wa mwigo, lakini sijawahi kusikia mtu wa kidato cha nne akisema analala vibaya sababu ya mwigo.

Nasema hivi kwa sababu nimekuwa upande ule mwingine wa chaki. Muhula wa pili wa 2024 nilikuwa TP, yaani yale mazoezi ya kufundisha ambayo kila mwanafunzi wa ualimu lazima apitie, kwa shule moja ya kutwa ambayo sitaitaja. Nilipewa Historia kidato cha nne, watu hamsini na kitu, madawati ya watu wawili yakibeba watatu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa vitu vitatu: pakiti ya chaki, kitabu cha rekodi ya kazi, na tarehe ya moki. Hiyo tarehe ndiyo ilikuwa bosi wa hivyo vingine viwili.

Chuoni unafunzwa kupanga somo kwa mpangilio wa heshima. Unaanza na lengo: mwanafunzi ajue nini, aweze kufanya nini. Kisha shughuli, kisha vifaa, kisha ndio unauliza utampima vipi. Kwa maazimio ya kazi kuna safu ya kila kitu, mpaka ile ya mwisho ya maoni, ambapo walimu wengi huandika "somo lilieleweka" kabla hata ya somo kufika. Shuleni nilikuta watu wanapanga kinyumenyume. Moki yetu ilikuwa inaanza Jumatatu tarehe 8 Julai. Ilikuwa ya pamoja, shule kadhaa zinafanya karatasi moja, na karatasi hiyo inatahini silabasi nzima kama KCSE yenyewe. Kwa hivyo Juni ikiisha, silabasi nayo iwe imeisha. Muhula wa tatu unabaki wa marudio, pepa juu ya pepa mpaka Novemba.

Sasa piga hesabu. Unarudi nyuma kutoka 8 Julai. Unatoa midtemu. Unatoa siku za michezo. Mwaka huo ulitoa pia siku ambazo mafuriko yalikula, kwa sababu shule zilifunguliwa 13 Mei badala ya mwisho wa Aprili. Kilichobaki unakigawanya kwa mada ambazo hazijafundishwa. Chochote kilicho mkiani mwa silabasi kinapata makombo.

Na mkiani kuna nini? Kidato cha nne kinaanza na Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia. Kinaenda kwa uhusiano wa kimataifa, ushirikiano wa Afrika, falsafa za kitaifa (hapo ndipo Harambee na Nyayo), kisha maendeleo na changamoto za Kenya na Afrika tangu uhuru. Halafu huko mwisho kabisa, kama abiria wa kusimama, ndio unakuta serikali za ugatuzi, mapato na matumizi ya umma, na uchaguzi na serikali za Uingereza, Marekani na India. Kwa hivyo unapata mtu wa miaka kumi na saba anayekuambia bila kupepesa macho kwamba Franz Ferdinand aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, lakini ukimuuliza nani anaidhinisha pesa zitoke kwa hazina ya serikali yake mwenyewe, anakuangalia kama umemuuliza neno la siri la Wi-Fi ya jirani.

Mada ya bajeti kwa maazimio yangu ilipata vipindi vitatu vya dakika 40. Wiki ya mwisho ya Juni.

Mkuu wa idara yetu alikuwa Madam mmoja ambaye, nisieleweke vibaya, ni kati ya walimu wazuri zaidi nimewahi kuona. Anajua mtoto ambaye hajakula kwa kumwangalia tu akiingia mlangoni. Aliangalia maazimio yangu, akaweka kidole kwa ile wiki, akasema, "Hii wape kopi. Hivyo vipindi fanya nao pepa."

"Madam, lakini bajeti ndiyo inaongelewa kila mahali saa hii."

"Na moki iko wiki mbili. Mwalimu, hawa watoto wakiingia hapo hawajafanya hata pepa moja nzima, utanieleza nini?"

Hakuwa anaongea upuzi, na nitarudi kwa hiyo hoja yake. Lakini kwanza angalia kalenda na mimi. Mwaka wa fedha wa Kenya unaanza tarehe mosi Julai, ndiyo maana waziri husoma bajeti Juni. Mwaka huo aliisoma Alhamisi tarehe 13. Yaani wiki zilezile ambazo walimu wa Historia wanakimbizana na moki, somo lenyewe liko kwa TV moja kwa moja. Mwalimu wa Biolojia akipata moyo wa ng'ombe kwa bucha anafurahi wiki nzima, anaupasua mbele ya darasa, watoto wanausimulia mpaka nyumbani. Sisi tunaletewa ng'ombe mzima, anatembea, anapiga kelele, na tunasema hapana asante, tuna pepa.

Niliomba kipindi kimoja kati ya vile vitatu. Madam akanipa cha Jumatatu, tarehe 24 Juni.

Nilichora mstari katikati ya ubao. Kushoto nikaandika "pesa inaingia", kulia "pesa inatoka". Nikawaambia waniletee kila kitu wamesikia kuhusu Mswada wa Fedha, tukiweke kwa safu yake. Manze, darasa ambalo kwa kawaida unalivuta kama mkokoteni lilinishinda kuandika. Mkate! Ulikuwa uwekwe VAT ya asilimia 16, wakaiondoa baada ya kelele. Gari! Asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, isipungue shilingi 5,000. Mafuta ya kupikia! Pedi! Kijana mmoja wa nyuma, ambaye Madam alikuwa amenionya kwamba "huyo yuko tu", alijua vifungu vya mswada kuliko mimi. Alikuwa amevisikiliza vikielezwa kwa TikTok, akarudia, akabishana na mjomba wake, akarudi kusikiliza tena. Hiyo ni kazi ya ziada ambayo hakuna mwalimu alimpa.

Upande wa kushoto ulijaa hadi chini. Upande wa kulia ulikuwa na neno moja: ufisadi.

Na hapo ndipo mwalimu anahitajika, kwa sababu simu haikuwa imewafikisha hapo. Nikawaeleza kwamba Mswada wa Fedha ni wa kushoto. Unasema pesa zitatafutwa vipi. Upande wa kulia, wa pesa kutoka, una mswada wake mwingine wa kuidhinisha matumizi, ambao Bunge linapitisha bila mtu kutengeneza hashtagi. Hawakuwa wanajua kuna viwili. Tukaanza kujaza kulia: mishahara, kulipa madeni, barabara, fedha za kaunti, ambazo Katiba kwa kifungu cha 203 inasema zisipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Tukaweka walinzi pembeni: Msimamizi wa Bajeti, ambaye pesa hazitoki kwa hazina bila yeye kukubali, na Mkaguzi Mkuu, ambaye anakuja baadaye kuuliza zilienda wapi.

Msichana mmoja wa dawati la pili akainua mkono akiwa ameshika ile kopi. "Mwalimu, hapa imeandikwa Bunge ndilo linadhibiti matumizi ya serikali. Na Bunge ndilo linapitisha hizi kodi. Sasa Bunge likikosea, nani anadhibiti Bunge?"

Darasa likasema "ooooh" kama vile mtu ametandikwa kwa rap. Nikamwambia jibu linaanzia kifungu cha kwanza cha Katiba, kile kinachosema mamlaka yote ni ya wananchi. Nakala ya Katiba shuleni ilikuwa moja, kwa kabati la majilisi. (Ndiyo, nimesema majilisi. Nilifundishwa insha na mtu mkali.) Mmoja akatumwa, akarudi nayo mbio, tukaisoma kifungu kwa kifungu mpaka kengele. Tulifika pia cha 201, kinachosema mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi.

Kesho yake, Jumanne 25 Juni, wabunge 195 walisema ndiyo, 106 wakasema la. Mchana watu wakaingia Bunge, na kuna vijana ambao hawakurudi nyumbani siku hiyo. Jumatano Rais akasema hatautia sahihi. Alhamisi asubuhi niliingia darasani kulingana na ratiba: Historia, pepa ya pili, Sehemu A, maswali 17.

Unajua vile iliendelea. Watoto wa kutwa wanakuja wakiwa wamepita barabara zenye majivu ya magurudumu, wanakaa, wanaandika aina mbili za biashara ya awali. Alama mbili.

Kwa wale hawakufanya Historia, pepa inaenda hivi. Ziko mbili, ya kwanza ya Kenya, ya pili ya Afrika na dunia, saa mbili na nusu kila moja. Sehemu A ni alama 25 za maswali mafupi ya lazima. Sehemu B ni insha, alama 45, unachagua tatu kati ya nne. Sehemu C alama 30, unachagua mbili kati ya tatu, na hiyo C ndiyo kwa kawaida hubeba mambo ya katiba na serikali. Ona ujanja uliojificha hapo. Kwa sababu unachagua, kuna swali moja kila sehemu ambalo unaweza kulikimbia maisha yako yote. Na kwa sababu mwanafunzi anaweza kulikimbia, mwalimu aliyebanwa na muda naye anacheza kamari: "Hii mada haijatoka kitambo, itatoka. Ile ilitoka juzi, iacheni." CRE nako ni vilevile, maswali sita, jibu matano. Maazimio ya kazi yanageuka karatasi ya mkeka wa kubeti.

Bahati nzuri ama mbaya, moki yetu ilileta bajeti. Natafsiri, kwa sababu pepa yenyewe ni ya Kizungu: eleza njia sita ambazo serikali huhakikisha fedha za umma zinatumika ipasavyo. Alama 12. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na orodha: Bunge kuidhinisha matumizi, ukaguzi wa hesabu, Msimamizi wa Bajeti, utaratibu wa zabuni, na kadhalika. Kila pointi iliyoelezwa, alama mbili.

Tulikuwa tunasahihisha kwa kugawana, kila mwalimu na sehemu yake, karatasi zinapita mkono kwa mkono. Sehemu C ilikuwa kwangu. Nikafikia karatasi ya yule msichana wa dawati la pili. Alikuwa ameandika pointi nne za kwenye orodha, vizuri kabisa. Ya tano akaandika kwamba Katiba kwa kifungu cha 201 inataka uwazi na ushirikishaji wa umma, kwa hivyo wananchi wakisoma mswada na kutoa maoni wanaifanya serikali iwe makini. Ya sita akaandika kwamba mamlaka ni ya wananchi kwa kifungu cha kwanza, na wakikataa kodi kwa amani, wanadhibiti Bunge ambalo linadhibiti serikali. Alijibu swali lake mwenyewe la siku ile! Akiwa kwa mtihani, saa ikikimbia, kwa kalamu iliyokuwa inaisha wino. Ungeona herufi za mwisho zikififia.

Kwa orodha hazikuwa. Nane kwa kumi na mbili.

Nikampelekea Madam. Akasoma. Akasoma tena. Akasema, "Huyu mtoto ana akili." Kisha akanirudishia. "Weka nane. Msahihishaji wa Novemba hamjui huyu, na wewe hutakuwa pale. Akizoea kuandika hivi akose C+, utaenda kumweleza mamake?"

Hii ndiyo ile hoja niliahidi kurudia, na sitaki kuipuuza kwa sababu watu wa mtandaoni tunapenda kupuuza walimu. C+ ndiyo mlango wa chuo kikuu. Kwa shule kama ile, watoto wanaopita huo mlango wanahesabika. Mwongozo wa kusahihisha upo ili mtoto wa Mandera na mtoto wa Karen wakiandika jambo moja wapate alama sawa, bila kujali nani anasahihisha ana njaa ama amegombana na bwanake. Ukiutupa, watakaoumia kwanza si watoto wa shule kubwa. Na moki ina kazi yake pia. Kuandika insha tano na maswali 17 kwa saa mbili na nusu si kitu unaweza kujifunza siku ya mtihani. Mkono wenyewe unahitaji mazoezi.

Kwa hivyo mimi si wa "futa moki". Hilo lilijaribiwa. Mwaka 2008, baada ya wimbi la migomo na moto shuleni, serikali ilizipiga marufuku. Zikarudi zimevaa majina mapya: tathmini ya pamoja, sijui nini ya pamoja, karatasi ni ileile.

Ninachokataa ni moki kuwa ndiyo inapanga somo. Na si Historia peke yake. Waulize waliofanya Jiografia kuhusu swali la utafiti wa nyanjani. "Wewe na darasa lako mnapanga kuzuru shamba fulani. Toa sababu tatu za kufanya ziara ya awali." Nchi nzima inajua majibu: kuijua njia, kupata ruhusa, kukadiria gharama. Sasa uliza wangapi waliwahi kutoka geti kwenda huko nyanjani. Tumekuwa na watu wanaojua kujiandaa kwa safari ambayo haipo! Mto uko nyuma ya shule, una kingo, una mmomonyoko, una kila kitu kwa silabasi, na darasa zima limekaa ndani likichora mto kutoka ubaoni, kwa sababu kwenda mtoni ni vipindi viwili na vipindi viwili ni pepa moja.

Kitu kinachoniuma ni kwamba hakuna sheria inalazimisha hivi. KNEC haikuulizi ulifundisha mada gani mwezi gani. Inataka tu Novemba iwe imefundishwa. Mpangilio wa kitabu si amri kumi za Musa. Idara ya Historia ikikaa chini likizo ya Aprili, inaweza kutoa mada ya mapato na matumizi kutoka mkiani, ikaiweka wiki ya pili na ya tatu ya Juni, vipindi sita hata saba. Wiki ya kwanza fundisha kushoto na kulia. Siku ya bajeti, kama kuna TV ama hata redio, wasikilize dakika 40 za hotuba, kila kikundi kikisaka kitu kimoja: elimu, afya, madeni, kaunti. Wiki inayofuata waandike insha ileile ya alama 12, lakini mifano iwe ya mwaka huo. Uchaguzi wa Uingereza na India uende muhula wa tatu. Westminster haitoroki.

Moki nayo itahini kilichofundishwa. Hapa ndipo patakuwa na vita, kwa sababu karatasi ya pamoja haijui wewe umefika wapi. Basi ipange mwenyewe. Kutunga pepa ya Historia si kazi ya malaika. Unachukua mada zako, unaangalia vipindi ulivyotumia, mada iliyopata vipindi vingi inapata alama nyingi, unaandika maswali na mwongozo wake. Ni usiku mbili tatu. Nimewaona walimu wakitunga pepa bora kuliko zile PDF za kununua kwa WhatsApp, ambazo mwongozo wake huwa umefika kwa simu za wanafunzi kabla pepa haijafika ofisini kwa mwalimu mkuu. Na ukitunga mwenyewe, unaweza kuongeza kwa mwongozo mstari mmoja: "hoja nyingine yoyote sahihi iliyo na ushahidi wa Katiba". Huo mstari mmoja ungempa yule msichana alama nne zake. Na bado ungemwambia pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba Novemba aanze na zile sita za kawaida, halafu yake aiweke ya saba.

Kuna watu wataniambia nisijisumbue, 8-4-4 inaisha. Ni kweli, KCSE ya mwisho ni 2027. Gredi 10 ya kwanza iliingia sekondari ya juu Januari hii, wana mkondo mzima wa sayansi za jamii, na somo lenyewe sasa linaitwa Historia na Uraia. Jina zuri. Lakini majuzi kwa grupu moja ya walimu nimeona mtu akitangaza "mtihani wa pamoja wa Gredi 10, na mwongozo wake, bei ya kuelewana". Muhula wa kwanza haukuwa hata umeisha. Kwa hivyo nipe muda kidogo kabla hujaniambia mambo yamebadilika.

Na hao wa kidato cha nne wa mwaka huu si watoto wa kungoja mtaala mpya. Wengi wao wana miaka 17 na 18. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Watakuwa na vitambulisho, watakuwa kwa foleni, na wagombea watakuwa wanawaahidi barabara na maji na pesa za vijana, yote ya upande wa kulia wa ubao. Mtu akikuahidi kulia, unamuuliza kushoto: utatoa wapi? Hilo swali halihitaji digrii, ni vipindi sita tu vya Juni.

Kama wewe ni mwalimu na umefika hapa, najua saa hii maazimio ya muhula wa pili hujayaandika. Hakuna aliyeandika. Nitumie ujumbe nikupe ile chati yangu ya safu mbili na mpango wa hivyo vipindi sita, bure, ubadilishe unavyotaka. Kama wewe ni mwanafunzi, niambie kwa maoni hapo chini shule yenu imepanga hiyo mada wiki gani. Usitaje jina la shule, sitaki mtu aitwe ofisini kwa sababu yangu. Wiki tu.